Jina la Mama Ulilompa Kinyonga

Baba yangu uliyelala Busunzu,

Sikuandikii kukusalimu. Nilikusalimu ukiwa hai, kila asubuhi, nimepiga goti sebuleni, na wewe unaniitikia huku macho yako yako dirishani kwa wanyama wako. Leo nataka kusema yale niliyozuiwa kuyasema siku tuliyokuzika. Nilipofungua mdomo pale kaburini, mdogo wako, baba mdogo Zakaria, alinishika mkono akaninong'oneza, "Odeta, si hapa." Sawa. Basi yatasemwa hapa, na barua hii siifungi, asome anayetaka. Kasulu nzima ilisimulia habari zetu bila kuniomba ruhusa, kwa hiyo na mimi nisimulie za kwangu.

Unakumbuka abiria wako? Ilikuwa 2012, kambi ya wakimbizi inafungwa, na wewe ni dereva wa malori ya kuwarudisha Warundi kwao. Siku ya safari ya mwisho ulifika nyumbani jua linazama, ukaniita kutoka uani: "Mama, njoo umwone huyu aliyegoma kushuka!" Nikatoka na mwiko wa ugali mkononi. Kwenye kioo cha pembeni cha lori alikaa kinyonga mkubwa kuliko kiganja chako, mkia kaukunja, na puani ana pembe tatu ndefu zimeelekea mbele. Nilipiga yowe hadi majirani wakatoka. Wewe ukacheka. Ulicheka ukashika mlango wa lori usianguke, na mimi yowe likanikatikia kooni, kwa sababu tangu tumzike mama sikuwa nimesikia kicheko chako.

Ndiyo maana nilinyamaza, baba. Kwetu kinyonga si wa kuchekea, na hilo hukulijua kwa kuambiwa na mimi. Bibi aliyekulea Busunzu alikuwa akimkuta njiani anageuza, safari imekwisha, hata kama anakwenda kliniki. Lakini nilijisemea, kama mzee amepata cha kumchekesha, na akae. Ukamwita Mwami, yaani mtemi kwa Kiha chetu, kwa sababu ya zile pembe, ukasema hajawahi kutokea mtemi Buha nzima aliyevaa taji la namna ile.

Kazi ya lori ikaisha, kambi imefungwa, ukabaki nyumbani na mikono yako. Mwenzako angekwenda kucheza bao. Wewe ulikata tawi zima la mpera, ukalisimika kwenye ndoo ya mchanga chumbani kwa mama, Mwami akapata makazi. Kisha vijana wa Kagerankanda wakasikia kuna mzee mjini anapenda mijusi, wakakuletea guruguru waliyemfukua shambani, yule wa magamba magumu, ukampa nusu pipa lenye udongo. Alikuja na mwingine mwembamba, mkia wa buluu, ambaye mpaka leo hakuna aliyeniambia jina lake. Watu wakawa wanasimama dirishani, wamekunja mikono kifuani, wanatazama. Wengine walileta nguo kwangu kushonwa ili tu wachungulie. Wakija kuzichukua wanazikung'uta barazani kwanza, kola, mikono, mifuko, ndipo wanazikunja. Nilikuwa nawaangalia nikiwa kwenye cherehani yangu, nacheka peke yangu.

Sitakuwa mnafiki, ilikuwa raha. Asubuhi umande haujakauka tulikuwa tunakwenda wote kando ya barabara ya Kibondo kukamata panzi, wewe na kofia yako, mimi na chupa ya maji iliyokatwa shingo. Ulikuwa unanifundisha kusogea kwa kufuata upepo. Ulinionyesha Mwami anavyotazama huku na kule kwa wakati mmoja, jicho moja kwangu, jingine kwa panzi, na ulimi unavyotoka kabla hujajua umetoka. "Huyu angekuwa dereva," ulisema, "asingegonga kitu." Nilikupenda sana asubuhi zile, baba. Nalisema mapema, ili huko mbele usije ukadhani sikukupenda.

Halafu ukamleta jike.

Ulimpata kwenye mnada wa Manyovu kwa mwanamke aliyekuwa amembeba kwenye ncha ya fimbo, mkono ameunyoosha mbali kabisa na mwili. Yeye hakuwa na pembe. Alikuwa wa kijani cha majani ya maharage, ana madoa ya njano ubavuni, mpole, anapanda mkononi mwako bila kusukumwa. Ulimweka kwenye mpera, ukakaa kitini ukamtazama mpaka chakula kikapoa. Kisha ukasema, bila hata kunigeukia, "Huyu ni Skolastika."

Skolastika. Skola. Jina la mama.

Ulijua jina lile nimelitunza wapi. Mama alipokuwa hospitali, siku ile aliyoweza kukaa kitandani na kunywa uji, alinishika mkono mbele yako akasema, "Binti yako wa kwanza mwite mimi." Ulikuwepo, umesimama kwenye miguu ya kitanda na kikapu cha vyombo. Tangu siku hiyo nilikuwa nalo jina hilo, limekunjwa vizuri, linamngoja mwenyewe. Ndipo nikakuambia, "Baba, hilo jina lina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Sijamzaa bado."

Ukacheka tena, kile kicheko chako nilichokipenda. "Basi akizaliwa atalikuta."

Sikulala na uchungu siku hiyo. Niliona ni ujane unakusumbua, utapita. Nilikusikia usiku unampa habari za mchana, bei ya mafuta ya taa, nani amekufa, nani kaoa, na nikasema moyoni, mwache, anazungumza na mkewe.

Mwaka uliofuata Gervas akaleta posa. Gervas wa Kakonko, karani kwenye ofisi za wilaya mpya, yule uliyesema ana shingo ndefu mno kwa mtu wa mezani. Tulikutana kwa sare: nilishona sketi za kwaya ya kigango chao, yeye ndiye aliyekuja kuzichukua, na akazichukua mara nne, kila mara anasahau moja. Hakuogopa wanyama wako. Alisimama mlangoni mwa chumba, akasema, "Mzee, huyu mwenye pembe anakula nini?" Ukampenda papo hapo. Kwa hiyo usiniambie hukutaka niolewe. Ulitaka.

Siku moja kabla washenga hawajaja nilikuletea chai nikakaa chini, karibu na miguu yako. Nikasema, "Baba, nakuomba kitu kimoja. Kesho wafungie wanyama chumbani. Kesho tu. Wanakuja wazee wa Kakonko, anakuja shangazi yake Gervas, mama yule ndiye aliyemlea, na neno lake ndilo neno. Wakiondoka utawafungulia."

"Nimesikia, mama."

"Niahidi."

"Nimesema nimesikia."

Nilishona gauni langu mwenyewe, la kitenge cha zambarau. Pombe ya ndizi ilikuwa imeiva vizuri, baba mdogo Zakaria aliionja akafumba macho. Wageni wakafika wamejaa vumbi la Kibondo mpaka kwenye nyusi, tukapigiana makofi ya salamu yetu ndefu, za mashamba, za ng'ombe, za mvua, hakuna aliyeharakisha. Mtungi ukawekwa katikati, mirija ikachomekwa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na mashangazi zangu, naona kila kitu kwenye ufa. Shangazi yake Gervas alivuta mrija, amefumba macho, anakunywa taratibu. Akasema, "Nyumba hii wanajua kupika pombe." Mkono wangu ulishikwa na kubanwa na kila mwanamke aliyekuwa jikoni.

Kumbe mlango wa chumba ulikuwa wazi. Asubuhi Skola alikuwa anakwaruzakwaruza, anatafuta mahali pa kutagia, na wewe ukamwonea huruma. Hukuja kuniambia. Hukumweka kwenye kikapu. Ulimfungulia, ukavaa koti lako la sherehe, ukaja kukaa na wageni.

Aliteremka kwenye pazia. Akapita mgongo wa kiti cha baba mdogo, hatua moja, anayumba, hatua nyingine, anayumba. Akanyoosha mguu wake akakamata mrija wa shangazi, akaanza kuupanda. Nilimwona, nikaung'ang'ania mlango. Shangazi alipofumbua macho walikuwa wanatazamana uso kwa uso, yeye na mnyama, kwenye mrija mmoja.

Na bado, baba, bado ingewezekana! Shangazi alirusha mrija, akasimama, akahema, lakini hakutoka. Mshenga mzee, yule wa fimbo, alicheka kicheko cha kujilazimisha akasema, "Mzee mwenzetu, tutolee mdudu wako, tuendelee." Tuendelee! Neno hilo nililisikia kwa masikio yangu. Ulichotakiwa kufanya ni kumwokota, kusema poleni sana wageni wangu, na kuongeza pombe.

Ukamwokota. Ukamfuta povu la pombe miguuni kwa leso yako. Ukasema, "Si mdudu. Huyu ni Skolastika."

"Skolastika nani?" shangazi akauliza.

"Nimempa jina la mke wangu."

"Mkeo huyu tuliyeambiwa ni marehemu?"

"Ndiye huyo."

Wazee waliachia mirija. Na wewe, Mungu akuhurumie, ukadhani wanataka kujua zaidi. Ukaanza kuwaeleza kwamba majike hawana pembe, na kwamba huyu yuko karibu kutaga. Shangazi alijifunga kanga yake kiunoni, "Yoo, mawe!" akasema, yaani mama yangu, na akatoka bila kugeuka nyuma. Wengine wakamfuata mmojammoja, na kofia zao. Watu wa Buha waliacha mtungi umejaa, baba. Jioni ile ile habari ilikuwa imefika Kibondo: nyumba ya dereva wa Kasulu wanamfuga marehemu wao kwenye mwili wa kinyonga, wanampa chakula, wanaongea naye usiku, na atakayemwoa binti atampokea na mama mkwe akiwa kwenye kikapu.

Mimi nilikuwa na gauni la zambarau. Nilikaa nalo mpaka likakunjamana.

Asubuhi baba mdogo Zakaria alikuja amevaa viatu vya safari. Wewe unajua alichosema, lakini nakirudia ili kila mtu ajue kwamba njia ilikuwepo. "Kaka," alisema, "twende Kakonko. Tubebe mtungi, tukae chini, tuseme poleni, tuwaeleze ni mapenzi ya mjane tu, hakuna uchawi. Wazee wanaelewa mambo. Kesho kutwa yamekwisha."

Ukajibu, "Niende kumwombea msamaha mke wangu? Kakosa nini?"

"Kaka, si mkeo. Ni kinyonga."

Ukamfukuza nyumbani kwako. Mdogo wako wa tumbo moja! Nilikufuata chumbani nikapiga magoti. Nikasema mama angekwenda, mama angetembea kwa miguu mpaka Kakonko na mtungi kichwani kwa ajili yangu, ni mara ngapi alipiga magoti kwa watu ambao hawakustahili ili mimi niende shule? Ulikuwa umeinama kwenye ndoo, unachimba mchanga kwa kijiko changu cha jikoni, unamtengenezea Skola pa kutagia. Akitaga nitakwenda, ulisema mwishowe. Akataga. Ukasema mayai yanahitaji kuangaliwa unyevu. Mvua zikaja, ukasema barabara. Mvua zikaisha, hukusema kitu.

Gervas alikuwa ananiandikia meseji. Mwanzoni ndefu, baadaye fupi, baadaye "za leo" tu. Nilikuwa namwambia, "Subiri, mzee atakuja." Nilikuwa nakutetea, baba, mpaka kwa mtu uliyeniharibia kwake. Mwaka 2014 akaoa muuguzi wa kutoka Iringa, na habari hiyo aliniletea mteja huku nikimpima kiuno.

Kisha ukaugua. Ulimi ukawa mzito, upande wa kulia ukalala, na nani alikugeuza? Ni mimi niliyekuogesha, niliyekulisha uji, niliyekufuta. Sisemi kwa kusimanga, au labda nasimanga, acha nisimange. Kila nilipokuinua nilikuwa nangoja. Nilijua huwezi kusema mengi, sikutaka mengi. "Pole, mwanangu." Ningetosheka nayo hadi nife. Asubuhi ile ya mwisho uliniita kwa macho, nikasogeza sikio mdomoni kwako, nikajua sasa anasema. Ukasema, kwa taabu, "Skola amekunywa maji?"

Nikakuambia amekunywa. Ukafumba macho umeridhika.

Siku ya kuondoa matanga, Gervas alikuja. Sikumtarajia. Alikuja peke yake, amenenepa kidogo, shingo imefupika, ungemwona leo usingekuwa na la kusema. Tulikaa barazani, nikampa chai, tukazungumza habari za Kakonko. Kisha akaweka kikombe chini.

"Odeta, mzee aliwahi kuwa na shida gani na sisi?"

"Shida gani tena? Ninyi ndio mlioondoka."

"Tuliondoka, ndiyo. Watu walishtuka." Akatazama viatu vyake. "Lakini shangazi hakukataa. Alisema yule mzee ni mpweke, atakuja tu, na akija hata akinywa maji kwetu, basi, mambo yamekwisha. Alipika pombe ya kumpokea. Ikachacha. Akapika tena. Kila gari la Kasulu likisimama alikuwa anatuma mtu kuangalia."

Nilimuuliza mpaka lini. Akasema mpaka mvua zile zikaisha na nyingine zikaanza.

Nikamwambia, "Na wewe? Ulikuwa na miguu."

"Ningewarukaje wakubwa, Odeta? Ungekuwa wewe ungewaruka?"

Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi, nikaingia jikoni nikakaa juu ya gunia la mkaa nikiwa na nguo yangu ya msiba. Miaka yote ile, baba, nilikuwa nimemlaumu kinyonga. Nilimwita mkosi, nisikudanganye, nilipita karibu na ule mpera nikamtukana matusi mazito. Nikalaumu ushamba wa watu wetu, nikasema Waha sisi tumezidi, mdudu wa kutambaa anavunja ndoa ya watu. Kumbe watu wetu walikuwa wamekwisha kunisamehe ambalo sikulikosa. Shangazi mwenyewe, aliyegusana pua na mnyama wako, alikuwa ameweka mtungi anakungoja. Aliyekuwa anakosekana ni wewe. Si kinyonga, si mkosi, ni wewe, baba yangu mzazi, na kiburi chako ulichokiita mapenzi kwa mama.

Sasa ni 2015 na malori yameanza tena. Warundi wanakuja kwa maelfu, malori yanapita hapa mchana kutwa, na madereva waliokuwa wenzako wameitwa kazini. Wakinipita wanapiga honi kwa heshima yako. Nawapungia mkono. Wewe wangekuita wa kwanza.

Majirani wananiambia niwachome wanyama hawa kwa mafuta ya taa. Baba mdogo anasema niwapeleke porini nisiwatazame tena. Guruguru nimemrudisha Kagerankanda, alikwenda zake bila kwaheri. Yule wa mkia wa buluu alijiondokea mwenyewe. Mwami alikufa wiki moja baada yako, nikamfukia chini ya migomba. Amebaki Skola. Nilipanga kumwachilia kwenye miti ya mtoni, nikamchukua hadi nusu ya njia kwenye kikapu, nikarudi naye. Usifikiri ni huruma. Sijui ni nini.

Nilijaribu kumnyang'anya jina. Nilisema, nitamwita "wewe," inatosha. Lakini jana jioni nilikuwa nanyunyizia majani maji, hakuna mtu nyumbani, cherehani imefunikwa, na nikajisikia mwenyewe nasema, "Skola, kunywa mama, kunywa mwanangu." Mwanangu! Nilikaa chini nikalia kwa hasira mpaka nikaishiwa sauti. Nina miaka thelathini na tatu. Wanaonichumbia sasa ni wajane wanaotafuta wa kuwalelea, na sina wa kuwapokea barazani. Jina la mama nililitunza kwa ajili ya mtoto, baba. Ulisema akizaliwa atalikuta. Hakuzaliwa. Skola ninayemlisha ni huyu.

Pumzika, kama unaweza. Mimi sijakusamehe, na sitaki uambiwe vingine na mtu yeyote.

Ni mimi, binti yako pekee.